Mbwa Jike Mzee, Kiatu cha Mvua na Jeraha la Mtoto

Nyumbani kwangu hapa Matamba, wilayani Makete, yupo mbwa jike mwenye umri wa miaka 11. Anaitwa Wivu. Jina hilo alipewa na marehemu mama yangu ambaye, kama wazee wengi, alipenda majina ya mbwa yanayofikisha ujumbe kwa majirani bila mtu kugombana na mtu. Wivu hajawahi kufungwa kizazi. Haikuwa kwa imani wala kwa ubahili. Kwa miaka mingi sikujua kwamba upasuaji wa namna hiyo hufanyiwa mbwa jike, na nilipojua, daktari wa mifugo wa kuufanya alikuwa chini ya mlima, ng'ambo ya zile kona 57 za barabara ya Chimala. Tukaahirisha msimu baada ya msimu, na mbwa akazeeka.

Nakiri jambo jingine ambalo lanifedhehesha zaidi, kwa kuwa nimetumikia afya ya binadamu maisha yangu yote ya kazi. Nilidhani kwamba mbwa akizeeka, mambo ya uzazi humwisha mwenyewe. Sivyo. Mwanamke hufikia ukomo wa hedhi. Mbwa jike hafikii. Huendelea kupata joto hadi uzeeni, ingawa vipindi vyaweza kuachana zaidi na idadi ya watoto anaozaa hupungua. Hata damu ile tunayoiona si hedhi kama tuijuavyo. Damu ya mwanamke hutoka baada ya yai kupita bila mimba kutunga, ilhali ya mbwa hutangulia yai, kwa nguvu ya homoni ya estrojeni, ikitangaza kwamba wakati wake umekaribia. Kwa kawaida hali hiyo hurudi kila baada ya miezi sita au saba na hudumu kama wiki tatu. Katika siku za kwanza huwavuta madume na kuwafukuza, kisha hufika siku za kuwakubali.

Mwezi Machi mwaka huu madume yalikuja kutoka vitongoji ambavyo mimi mwenyewe huvifikia kwa pikipiki. Yalipigana uani usiku kucha. Tulimfungia Wivu katika stoo ya viazi, naye akatafuna kizingiti. Tuliona tumeshinda, maana hakupandwa. Lakini mwili wa mbwa una hesabu yake. Awe amepata mimba au hakupata, projesteroni hubaki juu kwa takriban miezi miwili baada ya joto. Inaposhuka, homoni ya prolaktini hupanda, na mbwa asiye na kitu tumboni huanza kuishi kama mzazi. Hii ndiyo mimba ya uongo. Matiti hujaa, maziwa hutoka, hutandika kitanda cha majani au matambara, kisha huchagua "mtoto".

Wivu alichagua kiatu changu kimoja cha mvua.

Ilikuwa mwishoni mwa Mei, baridi ya Makete imekwisha kuanza kuuma, na mtoto wa jirani mwenye miaka sita alikuja kuota moto jikoni kwetu. Aliona kiatu kimelala karibu na mbwa, akataka kukisogeza. Wivu, ambaye mtoto huyo alikuwa akimpanda mgongoni tangu ajue kutembea, alimuuma mkono.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Nilijua sababu. Ningeweza kusimama mbele ya mama wa mtoto nikamweleza habari za prolaktini kwa ufasaha, nikampa dawa ya maumivu, akaenda zake. Na kwa dakika kadhaa, Mungu anisamehe, ndivyo nilivyotaka kufanya, kwa kuwa mbwa ni wangu na aibu ilikuwa yangu. Kisha nikaitafuta kadi yake ya chanjo. Mara ya mwisho alikuwa amechanjwa miaka mitatu iliyopita. Siku za kampeni zilizofuata alikuwa ama na joto ama ananyonyesha, nasi tukamwacha nyumbani tukiogopa madume na fujo za foleni. Natumaini msomaji anaona jinsi mambo haya yanavyofungamana. Mbwa jike asiyefungwa kizazi ndiye anayeelekea kukosa chanjo, ndiye anayekusanya madume wageni waumane uani, na ndiye mwenye majira ya kuwa mkali kwa watoto wa nyumba.

Kwa hiyo nasema na wahudumu wenzangu wa zahanati na vituo vya afya. Mama akija na mtoto aliyeumwa akasema, "Mbwa ni wetu, ana watoto tu," msiridhike. Ni kweli kwamba mbwa mwenye mimba ya uongo hulinda kitu kimoja na mahali pamoja, humtambua bwana wake, hula na kunywa. Na mwenye kichaa huuma bila kuchokozwa, hata mti na jiwe, sauti yake hubadilika, mate humtiririka, taya hulegea. Lakini tofauti hizo huonekana vizuri vitabuni. Siku ya kwanza ya ugonjwa, uani penye giza, hazionekani. Na kichaa cha mbwa, dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara huishia kifo.

Tulichomfanyia mtoto yule ndicho anachostahili kila mtoto. Jeraha lilioshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kwa saa ya ukutani, wala si kwa kukisia. Halikupakwa mafuta, pilipili wala majivu. Halikushonwa. Alichomwa kinga ya pepopunda na kuanzishiwa chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo. Na kwa kuwa ngozi ilikuwa imetoboka na damu kutoka, alihitaji pia dawa ya kingamwili kuzunguka jeraha. Chanjo haikungoja uchunguzi wa mbwa. Mbwa alifungwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa na virusi mateni siku alipouma, na dozi zilizobaki zaweza kusitishwa.

Baba wa mtoto alikuja na panga jioni ile. Simlaumu. Nilimwomba anipe siku 10, nikamweleza kwamba Wivu akiwa hai angetupa jibu, na akiuawa na kufukiwa angeondoka nalo. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Siku ya kumi na moja nitarudi." Alirudi. Wivu alikuwa akila ugali.

Yapo mambo mawili ambayo wenye mbwa huniuliza, na yote mawili yanahitaji jibu la wazi. La kwanza ni sindano. Zaidi ya mara moja nimefuatwa na mtu akiomba sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu, ampelekee mbwa. Naomba muuguzi yeyote asiitoe. Homoni ya jamii hiyo ambayo mwanamke huitumia kwa usalama chini ya mtaalamu, katika mwili wa mbwa huongeza hatari ya usaha katika mfuko wa uzazi na uvimbe wa matiti. Akina mama wanaoitumia wasitishwe na maneno haya. Mfuko wa uzazi wa mbwa haufanani na wao katika jambo hili.

La pili ni huo usaha wenyewe, ambao ndio hofu yangu kubwa kwa Wivu. Kila joto linapopita bila mimba, projesteroni huunenepesha ukuta wa mfuko wa uzazi na kuuacha tayari kupokea bakteria. Kwa mbwa mzee, wiki chache baada ya joto, bwana wake aangalie: je, anakunywa maji kupita kiasi na kukojoa mno? Amekataa chakula, anatapika, ananuka nyuma? Wakati mwingine mlango wa mfuko hufunga na hakuna kinachotoka, na huo ndio mbaya zaidi. Tiba ya uhakika ni kuondoa mfuko wa uzazi pamoja na ovari, upesi. Mitishamba na vidonge vya dukani havimwokoi.

Je, basi nadai kila mbwa jike wa Makete afungwe kizazi? Hapana, nami nitatofautiana hapa na rafiki zangu wa mijini. Fedha ikiwa moja, iende kwanza kwenye chanjo, kwa kuwa ni kuchanja walau asilimia 70 ya mbwa kunakozuia kichaa kuenea, na mbwa mwenye mimba, anayenyonyesha au mwenye joto huchanjwa kama wengine. Wachanjaji wawafuate majumbani hao wasioweza kuletwa kwenye foleni. Lakini pale afisa mifugo anapopandisha mlima na majokofu yake ya chanjo, sioni kwa nini daktari wa upasuaji asipande naye walau mara moja kwa mwaka, awashughulikie majike wachanga kabla hawajawa kama Wivu. Halmashauri hugharimia mafuta ya gari hilohilo.

Wivu amechanjwa sasa. Kwenye kalenda ya jikoni nimezungushia wino mwezi wa Septemba hadi Oktoba, ambapo joto jingine litafika, na wiki nane baada yake, ambapo watoto wa jirani wataotea moto kwao. Kiatu nimemwachia. Nilinunua jozi nyingine Makambako.