Mashavu Manene Si Ushahidi wa Afya

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama watoto,

Hapa Lusenda mtoto mwenye mashavu manene husifiwa: «Huyu kweli ni mtoto wa mtu wa mshahara!» Mimi sifa hiyo inanitia wasiwasi. Mashavu hujaa kwa njia mbili mbaya, na zote mbili zinaweza kudhuru akili ya mtoto.

Ya kwanza ni bwaki. Mtoto anayelishwa bugali ya muhogo bila samaki, maharagi wala karanga anashiba, lakini mwili unaweza kuvimba maji. Nywele hubadilika rangi, naye hataki kucheza. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yake yote miwili, hesabu polepole mpaka tatu. Shimo likibaki, mpeleke kituo cha afya siku ile ile. Wengine mnafikiri utepe wa kupima mkono ni wa watoto wa kambi ya wakimbizi tu, ile iliyofunguliwa 2015. Hapana, lete na wako. Lakini utepe peke yake hautoshi: aliyevimba huweza kuonekana mzima, kwa hiyo miguu ikaguliwe pia.

Ya pili ni unono wenyewe: biskwi, bombo na soda kila siku. Mtoto mzito mno huweza kukoroma usiku na kulala vibaya, kisha darasani anasinzia. Na pamoja na unono huo, damu yake inaweza kukosa madini ya chuma, ambayo ubongo unayahitaji sana. Kufika miaka miwili, ubongo wa mtoto umekwisha kufikia karibu asilimia 80 ya ukubwa wa ule wa mtu mzima. Kazi hiyo haingoji mshahara wa mwezi ujao.

Sasa niseme jambo ambalo wababa hawatalipenda. Ziwa liko mbele yetu, ndakala zinaanikwa hapa hapa. Jioni samaki inawekwa kwenye sahani ya baba. Mtoto anapewa mchuzi. Ni kweli, baba ametoka zamu na anahitaji nguvu. Lakini ubongo wake ulikwisha kujengwa, wa mtoto bado. Mtoto atangulie.

Fedha ya soda inunue ndakala kavu. Mama azitwange ziwe unga laini, achanganye katika uji tangu mtoto atimize miezi sita, huku akiendelea kumnyonyesha mpaka miaka miwili.