Riwaya za Upelelezi: Kabatini au Darasani?

Ipo hoja moja inayorudiwa kila tukutanapo, hata imekuwa kama sala: kwamba riwaya za upelelezi ni takataka, kwamba huwapotosha vijana, na kwamba mwalimu wa Kiswahili anayejiheshimu hana budi kuziweka mbali na wanafunzi wake. Nami nimekuwa miongoni mwa waitikiaji wa sala hiyo. Leo naikataa. Wala siikatai ili nikimbilie upande wa pili, wa wale wasemao kwamba kila kinachosomwa kinafaa. Riwaya hizo nimezisoma. Zimenifurahisha, zimenikera, na mara nyingine zimenitenda yote mawili katika ukurasa mmoja.

Chanzo chake ni hiki. Ninafundisha shule ya sekondari huku Uganda. Siku moja, nikiwa naeleza ngeli, nilimkuta mwanafunzi wa kidato cha tatu ameficha kitabu chini ya deski. Kilikuwa Kikosi cha Kisasi cha Elvis Musiba, nakala kuukuu isiyo na jalada. Nikakitwaa, nikakifungia kabatini. Baada ya kipindi kijana akanifuata. Hakuomba radhi. Alisema tu, "Mwalimu, nimebakiza sura mbili."

Nikamfukuza. Lakini usiku maneno yale yakanikosesha usingizi. Kijana yule hajapata kuniambia kwamba amebakiza sura mbili za kitabu chochote nilichompa mimi. Vitabu vya mtihani havisomi; husoma miongozo, akakariri majina ya wahusika na dhamira tano, akazimwaga katika karatasi ya majibu, akazisahau. Na sisi twamwita amefaulu fasihi.

Kesho yake nikafungua kabati, nikakisoma mwenyewe.

Kwanza nitoe haki. Musiba anajua kusimulia. Willy Gamba, mpelelezi wake tuliyekutana naye mara ya kwanza katika Kufa na Kupona mwaka 1974, hampi msomaji nafasi ya kupiga miayo. Kitabu cha pili, kilichotoka mwaka 1979, chatupeleka hadi Kinshasa, na vita vyake ni dhidi ya mawakala wa Makaburu. Hayo hayakuwa mambo ya kubuni hewani. Tangu mwaka 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na wapigania uhuru waliuawa kweli. Musiba alilichukua jambo zito la zama zake akalipeleka kwa watu ambao wasingesoma hotuba hata moja ya mkutano. Ni waandishi wangapi kati ya wale tunaowatukuza waliofika huko?

Sasa nishitaki. Shujaa huyu anajua kila kitu na hushinda kila mtu. Wanawake wengi hupimwa kwa macho kabla hawajafungua kinywa. Watu huuawa, na hadithi haisimami hata kidogo kumwuliza aliyeua analala vipi. Kwa msomaji wa Dar es Salaam huenda hayo ni mchezo tu. Kwetu Uganda, ndugu zangu, ni jambo jingine.

Huku kwetu Kiswahili kiliingia masikioni mwa wengi kikiwa na bunduki begani. Kilikuwa lugha ya kambi za jeshi tangu enzi za ukoloni. Mwaka 1973 utawala wa Idi Amin ulikitangaza kuwa lugha ya taifa, na utawala huo huo ukakitumia kuamrisha na kutisha. Wapo wazazi ambao hadi leo wakisikia Kiswahili hukumbuka kizuizi cha barabarani. Katiba ilifanyiwa marekebisho mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili; na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini azimio la mawaziri halifuti kumbukumbu ya mama mzazi. Je, tumpe mwanawe kitabu ambamo Kiswahili kimeshika bastola tena?

Hilo ndilo lililonirudisha kwa Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la uandishi wa hadithi la mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapwa mwaka 1960. Bwana Msa ana kiko, ana rafiki yake Najum, na ana akili. Kwa hakika ni jamaa wa Sherlock Holmes, na hakuna haja ya kuuficha ujamaa huo. Lakini akili yake hufanya kazi kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe ni cha Unguja, chenye mizaha na mafumbo yake. Watu wanaposhikwa na hofu ya mzimu, yeye hutafuta mkono wa binadamu. Hapo lugha haitoi amri, lugha inafikiri.

Hata hivyo sitamsifu kupita kiasi. Mazungumzo yake mara nyingine huzunguka kama mtu aliyepotea njia mbele ya nyumba yake mwenyewe. Mafundo yake hupenda kufunguliwa kwa siri za ukoo, na msomaji huona kama amenyimwa ufunguo mpaka dakika ya mwisho. Na nilipompa kijana wangu Mzimu wa Watu wa Kale badala ya kile nilichomnyang'anya, alikirudisha baada ya juma moja bila kuvuka sura ya kwanza. "Kigumu, Mwalimu," akasema. Hivyo mzee niliyemchagua mimi alishindwa na Willy Gamba mlangoni kabisa.

Ndipo nikatambua kosa langu. Nilidhani kazi ya mwalimu ni kumchagulia mwanafunzi kitabu chema na kumficha kibaya, kumbe kazi ni kusoma pamoja naye. Tukaisoma riwaya ya Abdulla darasani kwa sauti, maneno magumu nikiyafafanua, na kila tulipofika mwisho wa sura niliuliza: nani aliyeua, na dalili ni ipi? Ndugu walimu, kwa miaka mingi wanafunzi wangu wamenijibu kwa Kiswahili. Juma lile ndipo nilipowasikia kwa mara ya kwanza wakibishana kwa Kiswahili, kwa "lakini" na "kwa sababu" na "hapana, umesahau." Halafu tukasoma kurasa chache za Musiba. Msichana mmoja akauliza, "Mwanamke wa humu ni mzuri tu? Hana kazi?" Katika swali lile mlikuwamo uhakiki kuliko katika miongozo yote ya dukani.

Basi nasema hivi kwa wenzangu wanaozifungia riwaya hizi. Wengi wenu hamjazisoma. Mnazihukumu kwa picha ya jalada, kisha mnalalamika kwamba vijana hawasomi. Na kwa wenzangu wanaoziachia ovyo kwa kuwa zinapendwa, nasema: kupendwa si cheti. Kitabu chenye bastola na mwanamke asiye na kauli kikisomwa gizani, peke yake, kitafundisha bastola na ukimya huo. Kikisomwa mbele ya mwalimu asiyeogopa ubishi, kitafundisha kuuliza.

Kwa waandishi nina ombi moja. Mpelelezi anayefikiri na hadithi inayokimbia si maadui. Tuandikieni vyote viwili katika kitabu kimoja, na safari hii mwanamke awe na kazi.

Kijana nilimrudishia kitabu chake. Amekimaliza, na amekuja kuniambia kwamba mwisho wake haukumridhisha. Nimemwomba anieleze sababu, kwa maandishi, kwa Kiswahili. Karatasi yake ninaisahihisha leo.