Mikono Inayokanda Isidharauliwe, Wala Isiuzwe



Tumezoea kutetea haki ya mkulima anayepunjwa kwenye mizani, ya mfanyakazi wa nyumbani asiyelipwa, na ya kibarua wa mashambani. Safari hii tunataka kuzungumzia kazi ambayo katika parokia zetu hutajwa kwa sauti ya chini, au haitajwi kabisa. Hiyo ni kazi ya kuchua misuli, ambayo wengine huiita masaji. Vijana wetu wengi, hasa mabinti, wanaifanya katika mahoteli ya kitalii, katika saluni na katika nyumba za huduma mijini. Wengine wanatamani kuisomea. Nyumbani, hata hivyo, wanaambiwa waseme wanafanya “kazi ya hoteli”, ili jirani wasiulize zaidi.

Sisi tunaona kwamba ukimya huo hauwalindi vijana. Unawalinda wale wanaowanyonya.

Kwanza tukumbushane kwamba kazi yenyewe si ngeni kwetu. Ni nani kati yetu aliyezaliwa nyumbani bila mama yake kukandwa kwa maji ya moto baada ya kujifungua? Katika familia nyingi mkandaji alikuwa mtu wa heshima, aliyepokelewa kwa chakula na kuagwa kwa zawadi, na hakuondoka hadi arobaini itimie. Katika mwambao bibi harusi husingwa kwa liwa na mafuta, na wazee husimamia jambo hilo kwa fahari. Mchezaji wa mpira akianguka uwanjani, mchua misuli wa timu hukimbia na mkoba wake mbele ya maelfu ya watu, wala hakuna anayeona aibu. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi wamefundishwa wataalamu wa viungo ambao humnyoosha mgonjwa wa kiharusi mkono na mguu, siku baada ya siku, mpaka aweze kushika kijiko tena. Basi, aibu haiko katika kuugusa mwili wa mwenzako. Ingekuwa hivyo, tungewaonea aibu pia wakunga na wauguzi.

Imani yetu yenyewe haiogopi mwili. Bwana wetu alimgusa mkoma ambaye sheria na desturi zilikataza kumgusa. Msamaria yule wa Injili alitia mafuta na divai katika majeraha ya mtu asiyemjua. Na Yesu, katika usiku wa kuagana na wafuasi wake, aliinama akaosha miguu yao. Kanisa linapowapaka wagonjwa mafuta linatangaza kwamba mwili wa binadamu ni mahali ambapo huruma ya Mungu hufika. Anayeukanda mwili uliochoka kwa unyofu na kwa ujuzi hafanyi jambo lililo mbali na Injili.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba hadhi ya kazi haitokani kwanza na aina ya kazi, bali inatokana na mtu anayeifanya. Kabla yake, mwaka 1891, Papa Leo wa Kumi na Tatu katika Rerum Novarum alitetea ujira unaomtosha mfanyakazi kuishi. Kwa msingi huo, swali letu la kwanza kwa binti anayechua misuli lisiwe “Kwa nini umechagua kazi hiyo?” Tumwulize: “Je, unatendewa kama mtu?”

Hatusemi haya kwa kufumba macho. Ziko nyumba ambazo juu ya mlango wake pameandikwa masaji, na ndani yake kinachouzwa ni miili ya watu. Wako madalali wanaofika vijijini wakiahidi mafunzo na mshahara mnono, kumbe wanatafuta wasichana wa kuwaingiza katika ukahaba, hapa nchini au ng'ambo. Mzazi anayehofia hayo hana kosa. Lakini hofu isiyopambanua humwumiza asiye na hatia, na tena humsaidia mwenye hatia. Tazameni jinsi inavyokuwa. Binti anapata kazi ya halali. Siku moja mteja anamshika isivyofaa, na mwenye nyumba anamwambia anyamaze asije akaharibu biashara. Ataenda kumwambia nani? Akiwaambia wazazi, watamjibu kwamba walimwonya. Akimwambia mwenyekiti wa jumuiya, kesho yake habari itakuwa kisimani. Basi ananyamaza, na mwajiri anajua kwamba atanyamaza. Dharau yetu imekuwa uzio wa kumkinga mwovu.

Yako mafunzo katika historia. Mwaka 1894 mjini London kulitokea kashfa kubwa. Jarida la madaktari wa Uingereza lilionya kwamba nyumba nyingi zilizotangaza huduma ya kukanda zilikuwa madanguro. Wanawake waliokuwa wakikanda wagonjwa kwa uaminifu walijikuta wakitiwa katika kapu moja na wafanya biashara hao. Wangaliweza kuiacha kazi yao kwa kuogopa maneno. Badala yake wanawake wanne, waliokuwa wauguzi na wakunga, waliunda chama cha wakandaji waliofunzwa. Waliweka mtihani, wakaweka kanuni za mwenendo na za kufanya kazi kwa maelekezo ya daktari. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, mikono ya wakandaji waliofunzwa ilihitajika kwa maelfu ya majeruhi. Mwaka 1920 chama hicho kilipewa hati ya kifalme, na kutoka humo kimekua chama cha wataalamu wa viungo wa Uingereza wa leo. Heshima ya kazi ile iliokolewa na wafanyakazi waadilifu waliokataa kukimbia, wakaungana na kujiwekea masharti.

Nchi ya Korea Kusini nayo ina la kutufundisha. Huko sheria imewatengea wasioona leseni ya kukanda, ili wapate riziki kwa mikono yao. Mwaka 2006 Mahakama ya Katiba ilibatilisha kanuni iliyowapa haki hiyo. Bunge likairudisha kwa sheria mwaka huo huo, na mwaka 2008 mahakama ikaikubali. Hatusemi tuige sheria hiyo neno kwa neno. Tunauliza tu: kijana asiyeona katika kigango chetu, ambaye vidole vyake vinasoma maandishi ya nukta nundu, je, tumewahi kufikiri kwamba vidole hivyo vinaweza kumlisha?

Basi, kijana anayetaka kuifuata kazi hii afanye nini? Ajifunze kwanza. Kupaka mafuta na kusugua mgongo si ujuzi wote. Mchua misuli hana budi kujua mifupa, misuli na mishipa inavyokaa, na zaidi ya hayo ajue wakati wa kutoshika. Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu, waweza kuwa na damu iliyoganda, na kuukanda kwaweza kuisukuma damu hiyo mpaka mapafuni na kuua. Mwenye homa, mwenye mfupa uliovunjika karibuni, na mwenye kidonda au ugonjwa wa ngozi unaoambukiza hawakandwi. Mjamzito na mwenye shinikizo la damu wahitaji uangalifu wa pekee. Mchua misuli anayesema, “Hapa sishiki, nenda hospitali,” ameonyesha ustadi kuliko yule anayejigamba kuwa anatibu kila kitu. Kabla ya kulipa ada, kijana aulize kama chuo kimesajiliwa. Tangu mwaka 1994 nchi yetu ina sheria ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzisha VETA, na ofisi zake ni mahali pa kuulizia.

Ajue pia kwamba kazi hii hula mwili wa mwenye kuifanya. Vidole gumba, vifundo vya mikono na kiuno huchoka kabla ya wakati ikiwa mtu hapumziki kati ya mteja na mteja, au ikiwa anainama kwenye kitanda kifupi kuliko kimo chake. Anayelipwa kwa kichwa tu, bila mshahara, hushawishika kupokea wateja mpaka usiku. Baada ya miaka michache mikono haifai, na akiba hakuna.

Hapo ndipo sheria inapohitajika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa juma, mapumziko ya kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya unyanyasaji wa kijinsia kuwa kosa la jinai, na kitanda cha kukandia hakikuondolewa katika sheria hiyo. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inamwadhibu anayemsafirisha au kumpokea mtu kwa ajili ya ukahaba au kazi ya kulazimishwa, hata kama mtu huyo alishawishiwa akakubali. Aliyefukuzwa kazi kwa uonevu aweza kwenda mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini asichelewe, kwa kuwa muda uliowekwa ni siku 30. Wengi hupoteza haki zao kwa kusubiri.

Kwa hiyo wazazi, badala ya kukataza kwa hasira au kuruhusu kwa upofu, ulizeni. Mwajiri ni nani, na ofisi yake iko wapi? Mkataba uko wapi? Nauli analipa nani, na je, itageuka kuwa deni? Kitambulisho au pasi ya kusafiria itakaa kwa nani? Mlango wa chumba cha kazi unafungwa kwa ndani au la? Je, mfanyakazi anaruhusiwa kumkataa mteja mwenye utovu wa adabu bila kukatwa mshahara? Mwajiri mwema atajibu maswali haya bila kukunja uso. Anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kujibu.

Tuna neno pia kwa waamini wenye mahoteli, saluni na nyumba za wageni. Baadhi yenu mnakaa viti vya mbele kanisani, na michango yenu inajenga makanisa yetu. Tunawashukuru. Lakini sadaka haifuti ujira uliozuiwa, na Mtume Yakobo amesema wazi kwamba kilio cha wafanyakazi waliodhulumiwa humfikia Mungu. Bandikeni ukutani kanuni za huduma, mteja azisome kabla hajalala kitandani. Mteja akivunja kanuni, mwondoeni yeye, msimfukuze binti. Nanyi wanaume mnaokwenda kuchuliwa misuli mkiwa safarini, kumbukeni kwamba aliye mbele yenu ni mtoto wa mtu, na fedha mliyolipa imenunua kazi yake tu.

Kuhusu wale ambao wamekwisha kunaswa, tunaomba pasiwe na hukumu ya haraka. Aliyenyang'anywa hati zake, mwenye deni asilolielewa, na anayelala mahali anapofanyia kazi, hawezi kuondoka kwa sababu tu tumemhubiria aondoke. Anahitaji mahali pa kulala usiku wa kwanza, mtu wa kumsindikiza polisi, na jumuiya itakayompokea bila kumdai masimulizi ya aibu yake.

Tunapendekeza basi mambo matatu kwa halmashauri za parokia na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. La kwanza, mtu yeyote asiondolewe kwaya, uongozi wa vijana au usimamizi wa ubatizo kwa sababu tu ya kufanya kazi ya kuchua misuli, na ndoa yake isicheleweshwe kwa minong'ono. Mwenye shutuma ailete kwa paroko na ushahidi, au anyamaze. La pili, kila parokia iteue watu wawili, mmoja wao mwanamke, wenye kujua kutunza siri, ambao kijana aweza kuwaendea kabla ya kuondoka na baada ya kudhulumiwa. WAWATA na vijana wa VIWAWA washirikishwe. La tatu, wachua misuli waliomo katika parokia za mijini wasaidiwe kukutana, kufahamiana na kuunda umoja wao, wajiwekee kanuni na waweze kusema kwa sauti moja mbele ya waajiri.

Mambo haya hayahitaji wafadhili, wala hayahitaji jengo. Yanahitaji tuache kunong'ona. Siku ile binti wa kigango chetu atakapoulizwa kazi yake mbele ya jumuiya, akajibu bila kuinamisha kichwa kwamba anachua misuli, na mzee mmoja akamwuliza tu, “Je, wanakulipa vizuri, mwanangu?”, tutajua kwamba haki imeanza kukaa kati yetu.

Amani ya Kristo iwe nanyi.