Anza na Kamande, Sio Kuku

Wasee, wacha niseme hii kitu mapema kabla hamjanirukia: kama unataka kujifunza kupika chakula cha Ethiopia hapa Garissa, achana na doro wat kwanza. Achana na kuku. Achana pia na ndoto ya injera ya tefu. Anza na kamande.

Najua video zote zinaanza na kuku. Mchuzi mwekundu, mayai ya kuchemsha ndani, injera pana kama meza. Inapendeza, sikatai. Lakini ukifuata njia hiyo unahitaji kuku mzima, samli, siku mbili tatu za kungoja unga uchachuke, na tefu ambayo Ethiopia yenyewe ilipiga marufuku nafaka yake kuuzwa nje mwaka 2006, ndio bei isiwapandie wananchi wake. Marufuku ililegezwa baadaye, lakini tefu bado si kitu unatuma mtoto akachukue kwa duka la mtaa. Kwa hivyo mtu anajaribu mara moja, doo inaisha, anasema chakula cha Wahabeshi ni cha kununua Eastleigh. Hapo ndio mimi nakataa.

Jiko la Ethiopia la kila siku si la kuku. Wakristo wa Orthodox kule hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na siku 55 kabla ya Pasaka. Kufunga kwao ni kuacha kila kitu kinachotoka kwa mnyama: nyama, maziwa, samli, mayai. Sasa hebu fikiria akina mama waliopika hivyo vizazi kwa vizazi. Walilazimika kuifanya kamande iwe tamu, la sivyo nyumba nzima ingelalamika. Ndio tukapata misir wat ya kamande, shiro ya unga wa dengu, na gomen ya mboga za majani. Hiki si chakula cha mtu aliyekosa nyama. Ni chakula cha mtu anayejua kupika bila nyama. Kuna tofauti kubwa.

Na hiyo tofauti inatuhusu sisi. North Eastern ni watu wa nyama na maziwa, na sioni haya kusema hivyo. Lakini kati ya 2020 na 2023 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2, na kaunti kame kama zetu ndizo zilizoumia. Halafu mwisho wa 2023 mvua ikaja yote pamoja, Tana ikavimba, barabara ya kwenda Nairobi ikakatika, malori yakakwama. Ukame ulimaliza mbuzi, mafuriko yakafunga njia. Katika hali zote mbili, kitu kinachokaa kwa gunia miezi na miezi bila kuoza ni nafaka kavu.

Na sisi tunaidharau! Kwetu kamande na maharagwe ni chakula cha bweni, kitu unachovumilia mpaka shule ifungwe. Mgeni akija ukampa kamande, hooyo anaona umemtia aibu. Maoni yangu ni kwamba kamande haina shida yoyote. Ile ya shule ilichemshwa na maji, chumvi na kitunguu kimoja kwa watoto mia tano. Ungetarajia nini?

Siri ya majirani zetu iko kwa kitunguu. Chukua vitunguu vikubwa vitatu, vikatekate vidogo kabisa, viweke kwa sufuria bila mafuta. Ndio, bila mafuta. Moto mdogo, koroga dakika 15 hadi 20, vikitaka kushika unaongeza maji kidogo. Vitalainika, vitakuwa rojo, rangi itaanza kugeuka. Hapo sasa ndio unaweka mafuta, kitunguu saumu, tangawizi na vijiko viwili vya berbere, ule mchanganyiko wao wa pilipili. Acha vipikike pole pole na maji kidogo mpaka mafuta yaanze kuelea juu. Ndio uweke kikombe kimoja cha kamande iliyooshwa na vikombe vitatu vya maji. Funika. Ikilainika na kuwa nzito, weka chumvi, umemaliza.

Berbere usiende kuitafuta mbali. Kila nyumba hapa ina xawaash. Xawaash tayari ina bizari nyembamba, dhania, pilipili manga na iliki. Ongeza pilipili nyekundu kavu iliyosagwa, uwatu kidogo, tangawizi kavu. Si berbere kamili kama ya Addis Ababa, lakini ni binamu yake wa damu. Na ukipata unga wa dengu, ule wa bhajia, ukaange kwa sufuria kavu mpaka unukie, kisha uukoroge ndani ya vitunguu hivyo hivyo na maji. Hiyo inakaribia sana shiro. Dakika kumi na tano uko mezani.

Sasa injera. Hiyo unayo tayari, ila unaiita anjera. Yetu ni ndogo, ya ngano na mahindi au mtama, tunakula asubuhi na chai, samli na sukari. Yao ni pana, ya tefu, chachu yake ni kali zaidi, na wanaila na michuzi. Lakini zote mbili ni uji mwepesi uliochachushwa, unaomwagwa kwa kikaango kwa mzunguko, unafunikwa, unaiva upande mmoja tu, juu unabaki na vishimo. Vishimo hivyo vimeumbwa kubeba mchuzi. Ukitaka ladha ya karibu na injera, acha uji wako ukae muda mrefu kuliko kawaida. Na joto letu hili tunalolilalamikia kila siku linafanya hiyo kazi haraka, bila kuomba msaada kwa baking powder.

Najua swali linalofuata: je, ni halali? Ni swali zuri. Kule Ethiopia kwenyewe, Waislamu na Wakristo kwa desturi hawali nyama ya mnyama aliyechinjwa na mwenzake, na bado wanaishi mtaa mmoja. Sensa ya 2007 ilionyesha Waislamu ni karibu asilimia 34 ya watu wote, kwa hivyo hawa si wageni wa jambo hili. Lakini ona uzuri wa kamande: haina kuchinjwa. Ukiipika nyumbani unajua kila kilichoingia kwa sufuria.

Kuna wazee ambao wakisikia neno Habeshi wanakumbuka vita vya 1977 na 1978 na wanakunja uso. Siwezi kuwaambia wasikumbuke. Lakini mtu wa Mandera anaona Ethiopia ng'ambo ya mto Dawa, Moyale ni mji mmoja uliogawanywa na mpaka, na hata Dadaab kuna wakimbizi kutoka Ethiopia. Kikaango cha anjera hakikungoja ruhusa ya serikali yoyote kuvuka. Hata kula ni kule kule: sinia moja, mkono wa kulia, na mwenyeji anakuhimiza uongeze.

La mwisho ni la maboy. Walaal, unaenda chuo Nairobi au Eldoret, unaishi kwa pasta na chipsi, halafu unapiga simu nyumbani kusema umemiss chakula. Hooyo hawezi kukutumia anjera kwa M-Pesa. Kukaa jikoni dakika arobaini na vitunguu hakupunguzi uanaume wa mtu. Dada yako naye si lazima azaliwe akijua.

Kwa hivyo wiki hii usinunue kuku. Nunua kamande kikombe kimoja na vitunguu vitatu, muombe hooyo au ayeeyo akuonyeshe uji wa anjera unavyolala usiku, halafu upike mwenyewe bila kuharakisha kitunguu. Ukiweza kumfanya mtu mzima wa Garissa aombe kamande mara ya pili, umejua kupika.

Doro wat ingoje Iddi.