Safari ya Masomo Iende Bagamoyo

Kila inapotajwa safari ya masomo, sauti nyingi bwenini husema, "Twendeni Dar es Salaam!" Hazitaki kusikia mji mwingine. Siku hizi hata baadhi ya wazazi wameanza kuuliza kwa nini watoto walipelekwa Bagamoyo mwaka jana, mji mdogo, hali wangaliweza kuona maghorofa na bandari kubwa. Jambo hili litaamuliwa katika kikao kijacho cha wazazi. Mimi namaliza kidato cha nne wala sitakwenda tena. Kwa hiyo siitetei nafsi yangu. Nawatetea wadogo zangu wa kidato cha pili na cha tatu, nami nasema safari ile iende Bagamoyo.

Kwanza, yafaa tukumbuke tumekulia wapi. Hapa Mpuguso ukitaka uwanja wa mpira huna budi kwanza kuchimba kilima. Mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na kila tuinuapo macho twaona migomba, chai na Mlima Rungwe. Katika somo la jiografia twasoma habari za kupwa na kujaa kwa maji, mikoko na mashamba ya chumvi, tukayakariri kama majina ya wageni. Kule Bagamoyo mambo hayo yamelala wazi mbele ya miguu. Nchi ni tambarare kabisa, hata macho yetu yaliyozoea vilima hayakujua pa kusimama. Tulipofika ufukweni asubuhi maji yalikuwa yamekupwa, na majahazi yamelala ubavu juu ya tope. Mwenzetu mmoja alimwendea mvuvi mzee, akamwamkia, "Shikamoo, babu. Vyombo hivi vimeharibika?" Mzee akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu," kisha akacheka. "Havikuharibika, vyangoja maji. Rudini baada ya adhuhuri." Tuliporudi vilikuwa vinaelea. Tangu siku ile hakuna kati yetu aliyehitaji kuikariri sura ile ya kitabu.

Pili, mji mdogo husomeka. Katika mji mkubwa mwanafunzi mgeni hutumia siku nzima ndani ya basi, akarudi na habari za foleni. Bagamoyo twaliutembea kwa miguu. Kwa muda wa siku moja tuliona jumba la kupumzikia misafara, Boma la Wadachi, forodha, soko la samaki, na misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868. Kesho yake tulikwenda Kaole, mahali penye magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya kale. Kila kitu kilikuwa jirani na kingine, na mwalimu aliweza kusimama mahali pamoja akatuonyesha karne nyingi kwa kidole.

Tatu, na hili ndilo kubwa, Bagamoyo hufundisha kwa nini miji hupanda na kushuka. Zamani hapakuwa na mji wa bara usioujua. Misafara ilitoka Tabora na Ujiji na pembe za ndovu, na watu waliotekwa wakauzwa utumwani walifikishwa hapo wakiwa wamechoka. Stanley aliondoka hapo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone. Na Februari 1874 Chuma na Susi pamoja na wenzao waliufikisha hapo mwili wa Livingstone, aliyefariki mwaka 1873 katika nchi iitwayo leo Zambia. Wadachi nao waliufanya makao yao makuu. Lakini maji ya pwani ile ni machache, na meli kubwa hulazimika kutia nanga mbali. Mwaka 1891 wakahamishia makao makuu Dar es Salaam, penye bandari yenye kina. Mwaka 1905 wakaanza kujenga reli kutoka Dar es Salaam kwenda bara, nayo ikafika Kigoma mwaka 1914. Mizigo iliyobebwa mabegani ikapandishwa garini, na Bagamoyo ukabaki na milango yake mizuri ya kuchongwa.

Jambo hili si la Afrika tu. Huko Ubelgiji, katika pwani tambarare ya Flanders, mji wa Bruges ulikuwa tajiri sana kwa biashara ya baharini. Mkondo wa maji uitwao Zwin ukajaa mchanga, na wafanyabiashara wakahamia Antwerp. Damme, mji mdogo uliokuwa bandari ya Bruges, leo umezungukwa na mashamba. Hata hivyo watu wa huko hawakuona haya kwa kuwa wadogo. Walizitunza nyumba zao za kale, na leo wageni wa nchi nyingi huja kuzitazama. Kule Bagamoyo niliona nyumba nzuri zimetengenezwa, na jirani yake nyingine miti yaota ukutani. Mtu akiiona tofauti hiyo kwa macho yake hatahitaji kuhubiriwa habari za kutunza mambo ya kale.

Tena habari hiyo yatuhusu sisi wenyewe. Wadachi walikuwa na kituo chao, Langenburg, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, kisha wakapanda huku juu Tukuyu na kupaita Neu-Langenburg. Baadaye Mbeya ukakua, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikapita Mbeya, wala haikufika kwetu. Kijana wa Rungwe aliyeuona Bagamoyo hurudi akiutazama mji wake kwa swali jipya: je, sisi tutatunza nini?

Najua wazazi wengine watasema kwamba mtembezi hula miguu yake, na kwamba nauli hutoka katika ndizi, viazi na chai. Neno lao ni la kweli. Wenzetu kadhaa walibaki mwaka jana kwa kukosa fedha, nasi tuliona uchungu kuwaacha. Lakini kwenda Dar es Salaam hakutawaondolea shida hiyo. Basi likifika Chalinze laweza kushika njia ya Msata na kuteremka Bagamoyo bila kuingia jijini hata kidogo.

Kwa hiyo natoa mashauri mawili. Kwanza, sehemu ya mapato ya shamba la shule iwekwe kando kwa ajili ya wasio na nauli. Pili, kila atakayekwenda alazimishwe kuandika habari moja na kuisoma mbele ya shule nzima, ili fedha ya mmoja iwafunze wengi.

Maghorofa ya Dar es Salaam hayatakimbia. Wengi wetu tutayaona tukitafuta kazi au masomo ya juu. Bagamoyo hatutakwenda tena kirahisi tukiwa na mwalimu wa historia kando yetu. Nawaomba wazazi wetu, mtakapokaa katika kikao, mlikumbuke neno hili kabla ya kupiga kura.