Si Ndumilakuwili

Mswahili akilisikia jina la mwimbaji Dua Lipa kwa mara ya kwanza, huona mikono imenyanyuliwa na viganja vimefunguka. Dua. Waalbania waliompa jina hilo hawakukusudia hivyo. Kwao dua ni kitenzi, tena kitenzi kimoja kinachobeba mzigo ambao Kiswahili kimeugawa mafungu mawili: nataka, napenda. Kwetu kijana anayemwambia binti wa watu "nakutaka" na yule anayemwambia "nakupenda" hawapokewi sawa na mama mkwe. Kwa Kialbania wote wawili wamesema neno lilelile. Mwenyewe amewahi kusimulia kwamba utotoni, shuleni London, hakulipenda jina hilo. Alitamani aitwe Hannah, au Sarah, jina lisilodai maelezo.

Toleo hili linahusu wasanii wenye kwao zaidi ya kumoja, nasi tumemsimamisha Dua Lipa mlangoni ingawa wapo walio karibu nasi zaidi. Vanessa Mdee alizaliwa Arusha akalelewa New York, Paris na Nairobi pia, na kurasa zake zimo humu ndani. Ila wa karibu tunawagombania, na ugomvi hutuziba macho. Huyu wa mbali hatumdai kitu. Tunaweza kumtazama kwa utulivu na kuipima kwake methali tusiyochoka kuwatandikia watoto wa namna yake: mwacha asili ni mtumwa.

Sina ugomvi na methali. Nina ugomvi na pale tunapoielekeza. Asili ya msanii tunaitafuta ndani ya ngoma yake, na tusipoiona humo tunamhukumu kwamba ameitupa.

Wazazi wake, Anesa na Dukagjin, waliondoka Pristina mwaka 1992. Baba alikuwa akisomea udaktari wa meno, mama akisomea sheria. Miaka mitatu kabla ya hapo serikali ya Serbia chini ya Slobodan Milošević ilikuwa imeinyang'anya Kosovo mamlaka yake ya ndani. Waalbania walifukuzwa kazi kwa maelfu, na masomo ya chuo kikuu kwa lugha yao yakahamia sebuleni mwa watu. Babu mzaa baba, Seit Lipa, alikuwa mwanahistoria na mkuu wa Taasisi ya Historia ya Kosovo. Kwa simulizi ya mjukuu wake, alitakiwa aiandike upya historia ya nchi ili iwaridhishe wenye nguvu, akakataa, na kazi ikamponyoka. Huko London, yule aliyekuwa aje kung'oa meno na yule aliyekuwa aje kutetea watu mahakamani wakawa wanahudumia wateja katika mikahawa na baa. Binti alizaliwa hukohuko London, Agosti 1995. Baba hakuwa ameacha gitaa lake, maana Pristina alikuwa mwimbaji wa bendi ya roki iliyoitwa Oda.

Anayetaka kukisoma kisa cha binti aanzie kwa wazazi hao. Hawakwenda London kuchanganya tamaduni. Walifungiwa mlango kwao.

Kosovo ilijitangazia uhuru tarehe 17 Februari 2008. Ni nchi ndogo kuliko Mkoa wa Kilimanjaro, kwa eneo na kwa idadi ya watu, na baadhi ya mataifa hayajaitambua hata leo. (Tanzania iliitambua mwaka 2013, Kenya ikasubiri hadi 2025.) Katika kipindi hichohicho cha uhuru familia ilifungasha ikarudi Pristina, binti akiwa bado mtoto wa shule. Hapo ndipo pananivutia kuliko jukwaa lolote alilopanda baadaye. Kialbania alikijua, lakini kile cha jikoni: njoo ule, vaa koti, mpigie bibi simu. Darasani alikuta Kialbania cha vitabu, cha kemia na jiografia, na hesabu zilizokuwa mbele ya zile alizoziacha Uingereza. Aliyekuwa Mualbania kati ya Waingereza akageuka Mwingereza kati ya Waalbania, na safari hii hakukuwa na mtu wa kulaumiwa. Alikuwa amerudi kwao.

Tunaolea watoto kati ya miji miwili tunaifahamu hali hiyo. Mpwa wangu, aliyezaliwa Leicester, aliletwa Tanga likizo akiwa na miaka tisa. Katikati ya harusi akasema, "Kiti imevunjika." Ukumbi ukaangua kicheko, mimi nikiwamo, na hatukucheka kwa ubaya. Lakini mtoto hakutamka tena neno la Kiswahili mpaka siku alipopanda ndege.

Dua Lipa alikaa Pristina hadi alipotimiza miaka 15, kisha akawashawishi wazazi wamwachie arudi London peke yake, akaishi na binti wa marafiki wa familia. Wazazi waliokubali jambo hilo ni wa kushangaza, na naomba binti zangu wasilisome toleo hili. Aliingia shule, akirekodi nyimbo za wengine na kuzitupia YouTube, jioni akipokea wageni mgahawani. Utotoni alikwisha kukataliwa katika kwaya ya shule kwa sababu sauti yake ilikuwa nzito mno. Uzito huo ndio leo unaomtambulisha kabla hata ya jina lake kutajwa.

Yaliyofuata mnayajua, nitayapita mbio. Warner ilimsajili mwaka 2014. Albamu ya kwanza iliahirishwa mara kadhaa ikatoka Juni 2017, na Agosti mwaka huo "New Rules" ikakamata nafasi ya kwanza Uingereza, mara ya kwanza kwa mwanamke anayeimba peke yake tangu Adele mwishoni mwa 2015. Watu wakamcheka mitandaoni kwa kucheza kama aliyelazimishwa. Akajifunza kucheza. Mwaka 2019 alipata Grammy ya msanii mpya bora. "Future Nostalgia" ilitolewa wiki moja kabla ya siku iliyopangwa, 27 Machi 2020, Ulaya ikiwa imefungiwa ndani, ikawa muziki wa watu wanaocheza peke yao jikoni. Juni 2024 aliongoza usiku wa Ijumaa katika jukwaa kuu la Glastonbury, tamasha ambamo mwaka 2017 alikuwa ameimba hemani.

Sasa tuirudie methali. Fungua albamu zake tatu, hutakuta wimbo hata mmoja wa Kialbania. Hakuna zumari ya Balkani wala ngoma ya harusi za Pristina. Kuna disko, kuna besi ya miaka ya themanini, kuna Kiingereza cha London kaskazini. Mkaguzi wa asili atafunga faili hapo hapo.

Namwomba asifunge kabla hajasikiliza "Love Again" hadi mwisho. Ile tarumbeta inayozunguka ndani yake ilikwisha kusikika katika wimbo wa White Town wa mwaka 1997, na White Town ni jina la kisanii la Jyoti Mishra, mzaliwa wa India aliyekulia Uingereza. Mishra naye aliichukua kwenye sahani ya santuri ya mwaka 1932, ya bendi ya Lew Stone, mwimbaji akiwa Al Bowlly. Bowlly alizaliwa Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo, baba Mgiriki na mama Mlebanoni, akakulia Johannesburg, akapata umaarufu London na kufia humo mwaka 1941 kwa bomu la Wajerumani. Basi mtu aliyekuwa akisaka sauti ya Kosovo amejikuta Msumbiji, kwenye ufuko wa bahari yetu hii hii. London ni bandari. Mtoto aliyelelewa bandarini huimba kilichoshushwa gatini, na hakuna mtoto wa Mombasa au Unguja anayehitaji kufafanuliwa hilo. Sisi tuliopokea fidla, kanuni na kodiani tukazalisha taarabu, kisha tukaapa kwamba ni yetu tangu na tangu, tungekuwa wa mwisho kumkagua mwenzetu.

Watalii wanaosimama Barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe, mbele ya makumbusho ya Freddie Mercury, hufanya kosa hilo kwa upande wa pili. Freddie huyo, yaani Farrokh Bulsara, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa wazazi Waparsi, akasomeshwa bweni India, akahamia Uingereza na wazazi wake mwaka 1964. Wageni huulizia Zanzibar iko wapi katika nyimbo zake. Huambulia neno moja la Kiarabu, lile ambalo kila mtoto wa chuoni hulitamka kabla ya kutia tonge mdomoni, wakaondoka wameridhika. Mimi siridhiki. Neno moja si ushahidi wa asili, wala kukosekana kwake si ushahidi wa utumwa.

Asili ya Dua Lipa itafuteni nje ya studio. Bregu i Diellit, yaani Kilima cha Jua, ni mtaa wa Pristina. Jina lake, kwa Kiingereza, ndilo yeye na baba yake walilolipatia shirika la hisani walilolianzisha 2016 na tamasha walilolianza 2018. Msomaji mwenye pasipoti ya kijani au ya buluu ya huku kwetu ataelewa upesi kwa nini tamasha. Hadi tarehe 1 Januari 2024 mwenye pasipoti ya Kosovo hakuweza kuingia nchi za Schengen bila viza. Kijana wa Pristina aliyetaka kumwona mwanamuziki mkubwa mjini Vienna alianza na foleni ya ubalozi. Basi wanamuziki wakaletwa kwake: Martin Garrix mwaka wa kwanza, Miley Cyrus wa pili. Binti mwenye pasipoti ya Uingereza aliyewahi kukaa na watoto hao dawati moja alijua hasa walichokosa. Hilo ndilo alilopewa na kwao, na halina mdundo.

Lakini kwao pia huponza. Julai 2020 alisambaza mtandaoni bango lenye tai wa Albania juu ya ramani iliyovuka mipaka ya majirani, pamoja na neno lenye maana ya wenye asili ya mahali. Waserbia na wengine waliisoma kama ramani ya madai ya ardhi. Alijieleza kwamba amefahamika vibaya. Mimi naona alikosea: katika eneo ambalo watu walizikwa kwa ajili ya ramani, ramani haisambazwi kwa hasira ya jioni moja. Nalitaja kwa sababu wanaowashangilia watoto wa kuwili hupenda kuwafanya madaraja, wapole, wapatanishi. Wengine ni mashabiki wakali wa upande mmoja, kama sisi sote.

Agosti 2022 Rais wa Kosovo, Vjosa Osmani, alimfanya balozi wa heshima. Novemba mwaka huohuo Rais wa Albania, Bajram Begaj, akampa uraia mjini Tirana, naye hakutakiwa kurudisha pasipoti ya Uingereza. Hapo ndipo nilipolikumbuka neno letu: ndumilakuwili. Lugha yetu ina tusi tayari kwa mwenye ncha mbili, na sheria zetu zimelisikia. Kenya iliruhusu uraia wa nchi mbili katika Katiba ya 2010. Tanzania mpaka leo humtaka raia mtu mzima achague. Hoja za usalama na umiliki wa ardhi nimezisoma na sizidharau, lakini hazielezi kwa nini mtoto wa dada yangu, akifika miaka kumi na minane, aonekane anatuibia kitu kwa kuzaliwa alipozaliwa.

Makala zinazofuata hazikubaliani kati yao, na mbili zinanipinga waziwazi. Anayetaka upinzani mkali aanze na ile ya rumba na watoto wa Kikongo wa Brussels.

Ukurasa wa mwisho tumeuacha wazi kwa toleo lijalo. Ni wa wasomaji wa kati ya miaka 10 na 18 waliokulia nje ya nchi za wazazi wao. Waandike kwa Kiswahili walichonacho. Tutachapa kama kilivyoandikwa, ngeli zikiwa zimepinda au zimenyooka, na mhariri hatagusa herufi.