Semina ya wajumbe wa baraza la wazee isiishie kwenye posho

 

Wiki iliyopita nilikaa nyuma kwenye kikao cha baraza la wazee la kata moja hapa Mpanda. Siitaji, sikwenda kuwaumbua wazee wangu. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, alisimama akasema zahanati imemwambia akanunue dawa dukani, mara ya tatu sasa. Mwenyekiti akamjibu, "Pole mzee mwenzangu, tutawaomba wakubwa watusaidie." Kikao kikahamia kwenye sare za Oktoba 1, Siku ya Wazee.

Tutawaomba? Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inajulikana kwamba mzee ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Baadaye nilimwuliza mwenyekiti kama amewahi kuiona. "Mjukuu wangu, nasikia ipo," akanijibu. Yuko kwenye kiti hicho mwaka wa nne.

Kabla hamjanirukia, sisemi wazee hawana akili. Mwenyekiti huyu amesuluhisha migogoro ya mashamba ambayo ingeishia kwa mapanga. Lakini kusuluhisha ni kazi moja na kusimamia ni nyingine. Wajumbe wa bodi za mashirika, wenye digrii zao, tunawapeleka hotelini wakafundishwe kusoma hesabu. Mzee wa kata tunampa kiti, muhuri na maneno ya "hongera".

Semina moja waliipata, ya siku moja. Projekta ukutani, maandishi madogo, nusu yake Kiingereza, mbele ya watu waliojifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima enzi za Mwalimu. Mchana pilau, jioni saini ya posho, kwaheri.

Mimi ningeanza na leja ya dawa. Mjumbe aionyeshwe pale pale zahanati: dawa iliingia lini, ikatoka ngapi, imebaki nini. Nusu saa inatosha. Halafu afundishwe kuuliza swali na kuhakikisha limeandikwa kwenye muhtasari, maana swali lisiloandikwa mkutano ujao halipo. Na afundishwe kutoka nje pale jambo linapomhusu mwanawe au shemeji yake. Hili la mwisho ni gumu, hata kwa wenye digrii.

Kuna jambo zito zaidi. Mkoa wetu wa Katavi, kama Tabora na Shinyanga, umeonja mauaji ya vikongwe wanaosingiziwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyochomwa na moshi wa kuni miaka hamsini. Mara nyingi uvumi hutangulia panga. Niliwauliza wajumbe wakisikia uvumi wa namna hiyo wanaupeleka wapi, na kwa muda gani. Mmoja akasema kwa mchungaji. Mwingine akasema tungoje kikao. Hakuna aliyetaja polisi wala afisa ustawi wa jamii, na kikao hukaa kila baada ya miezi mitatu!

Nawaza pia makazi ya wazee, kama Kolandoto kule Shinyanga, Bukumbi kule Misungwi, au Sebleni na Welezo Zanzibar. Mzee wa huko hana mtoto wa kumpigia kelele mhasibu. Anayekaa kwenye kamati ya mahali kama hapo asipojua kuuliza magunia ya unga yameenda wapi, nani atauliza?

Nilimchapishia mwenyekiti ile sera kwa herufi kubwa. Jana usiku kanipigia simu, kafika ukurasa wa tano na miwani imevunjika mguu mmoja. Anataka nimtafutie namba ya mganga mkuu wa wilaya. Nimempa.